Yule wa Piano Hasindikizi Mtu

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mdogo wa mji mmoja hapa Ujerumani ambao sitautaja kwa sababu bado nataka kuendelea kununua tiketi zao, nilishuhudia watu waliovaa vizuri na waliolipa pesa zao wakipiga makofi huku Schumann, mtunzi wa muziki wa Kijerumani, akiwa bado anazungumza. Ulikuwa wimbo wa 16, wa mwisho, katika Dichterliebe, mfululizo wake wa nyimbo za mapenzi. Mwimbaji alikwisha kutueleza kwa nini jeneza lake ni kubwa na zito kiasi kile, kwamba ndani yake ameyatia mapenzi yake na maumivu yake, akafunga kinywa, na piano ikaanza ile sehemu yake ya peke yake ambayo huchukua zaidi ya dakika moja. Mzee mmoja wa safu ya tatu akaona kazi imekwisha. Akapiga makofi, jirani yake akamfuata, na mara nusu ya ukumbi ikawa imeifunika sehemu ambayo mimi nilikuwa nimeingojea jioni nzima.

Mpiga piano aliendelea kupiga bila kuinua kichwa. Naam, aliendelea, kama mtu anayesoma dua huku majirani wakigombana uani.

Nilikuwa nimefuatana na kijana mmoja wa Morogoro anayesoma uhandisi hapa, ambaye kwa umri ningeweza kuwa dada yake mkubwa na kwa hivyo ndivyo anavyoniita. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusikiliza Lieder, yaani mashairi ya Kijerumani yanayoimbwa na mtu mmoja pamoja na piano. Tulipokuwa kwenye tramu akaniuliza kwa adabu zote: "Dada, samahani, yule wa piano naye analipwa, au alikuja kumsindikiza tu mwenzake?" Nilicheka mpaka mama mmoja akageuka kututazama, kisha kicheko kikanikauka, kwa kuwa kijana wa watu, bila kujua, alikuwa amelitaja neno lile lile walilo nalo Wajerumani wenyewe. Mpiga piano wa nyimbo hizi wanamwita Begleiter, yaani msindikizaji, yule anayekutoa hadi njia panda halafu akarudi kwake. Nasi tunajua timu ya mpira inapoambiwa kwamba imekuja kusindikiza wenzake maana yake ni nini. Karatasi ya programu ya jioni ile ilikuwa imempa mwimbaji kurasa mbili na picha tatu. Mpiga piano alipewa mistari minne, na mmoja kati ya hiyo ulitumika kutueleza alizaliwa wapi.

Sasa na tuulize piano inafanya nini katika nyimbo hizi. Tarehe 19 Oktoba 1814 mtunzi Schubert, akiwa na miaka 17, aliandika Gretchen am Spinnrade, yaani Gretchen kwenye gurudumu la kusokotea uzi. Lisomeni tena lile shairi la Goethe: ndani ya beti zenyewe gurudumu la kusokotea uzi halitajwi hata mara moja. Msichana analalamika kwamba amani imemtoka na moyo wake ni mzito, basi. Gurudumu lote limo kwenye piano. Mkono wa kulia unazunguka bila kupumzika, na chini yake mkono wa kushoto unakanyaga kama mguu unaokanyaga kibao cha kuendeshea gurudumu. Gretchen anamkumbuka mwanamume wake, mwendo wake, tabasamu lake, namna anavyomshika mkono, na kila kumbukumbu inaipandisha sauti yake na kuuongezea mzunguko kasi, hadi anapofika kwenye busu. Hapo gurudumu linasimama. Hatuambiwi kwa maneno kwamba mguu umesahau kazi yake. Tunasikia tu kwamba ule mzunguko tuliokwisha kuuzoea haupo. Kisha katika ukimya ule mkono wa kulia unajaribu kuanza, unasita, unajaribu tena, na ndipo gurudumu linashika na msichana anarudia kusema kwamba amani imemtoka. Kuna mpiga piano mmoja niliyewahi kumsikia ambaye katika jaribio lile la kwanza alikawia kidogo mno, kwa kiasi cha pumzi moja, na mwimbaji akageuka kumtazama kwa hofu ambayo sidhani kama ilikuwa ya kuigiza. Kusindikiza gani huko?

Au Erlkönig, wimbo mwingine wa Schubert, wa baba anayekimbiza farasi usiku akiwa na mtoto wake. Kila mtu anasifu jinsi mwimbaji mmoja anavyokuwa watu wanne: msimulizi, baba, mtoto na yule mfalme wa mashetani anayembembeleza mtoto. Ni kweli, ni kazi kubwa. Lakini farasi ni nani? Farasi ni mkono wa kulia wa mpiga piano, unaogonga oktava zile zile, yaani noti ile ile ya juu na ya chini kwa pamoja, kwa utatu utatu karibu wimbo mzima, hadi kifundo cha mkono kinawaka moto. Schubert mwenyewe aliandika pia toleo ambalo mapigo hayo yamepunguzwa. Mtunzi anajipunguzia mzigo wake mwenyewe, na sisi bado tunauita mzigo huo usindikizaji!

Nyumbani nako hatuna la kujisifia. Ave Maria ya Schubert tunaiimba kwenye harusi kama sala ya Kilatini, na wachache hukumbuka kwamba mwaka 1825 aliitunga juu ya shairi la Walter Scott lililotafsiriwa kwa Kijerumani, ambamo msichana Ellen anamwomba Bikira Maria huku kinubi kikilia. Kinubi hicho ndicho piano inayotiririka chini ya sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Katika harusi ya binamu yangu mpiga kinanda alikibana kinubi chote ndani ya kodi moja ndefu, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kwa kila mstari, akairefusha kama king'ora cha meli, na watu wakalia machozi vilevile. Mimi nililia kwa sababu nyingine.

Nakubali, shingo upande, kwamba historia ina upande wa pili. Goethe mwenyewe alipenda watunzi kama Zelter, ambao piano yao ilijua adabu na kukaa nyuma ya shairi, na mwaka 1816 alipotumiwa nyimbo za Schubert hakujibu kitu. Nakubali pia kwamba mwimbaji anasimama pale bila vazi la kuigizia, bila okestra, bila kipaza sauti, akitutazama machoni kwa saa nzima, na kwamba akipotea maneno hakuna pa kujificha. Hayo nimeyakubali. Yasitumike kumsukuma mwenzake pembeni.

Kwa maana tazameni jinsi hata kumbukumbu zetu bora zinavyofanya. Mwaka 1924 Roland Hayes, mwimbaji mweusi wa Marekani wa sauti ya tenori ambaye mama yake alizaliwa utumwani, alipanda jukwaani katika ukumbi wa Beethovensaal, Berlin, na hadhira ikamzomea kwa dakika kadhaa. Hakuondoka. Alisimama wima mpaka kelele zikaisha zenyewe, kisha akaanza na Du bist die Ruh (Wewe Ndiwe Utulivu) ya Schubert, na waliokuwa wakimzomea wakaishia kumshangilia. Kila ninaposimulia kisa hiki sauti yangu hutetemeka, na sioni aibu. Lakini wimbo ule hauanzi kwa sauti ya mtu. Unaanza kwa piano peke yake, polepole sana na kwa upole mno, vipimo saba vya muziki kabla ya neno la kwanza. Yaani sauti ya kwanza iliyoingia katika ukimya ule wa hatari ilitoka kwenye vidole vya mtu aliyeketi, mbele ya ukumbi ambao muda mfupi uliopita ulikuwa unanguruma. Katika masimulizi yote niliyoyasoma mimi, jina lake halimo.

Kuhusu wanaokohoa kati ya wimbo na wimbo kana kwamba kikohozi nacho kimetungwa na Schumann, nitaandika siku nyingine. Na tafsiri za maneno ya nyimbo zinazoonyeshwa ukutani ziendelee kuwekwa, maana anayedai kwamba zinavuruga muziki mara nyingi ni yule anayejua Kijerumani tangu utotoni.

Kijana wangu wa Morogoro nimemkatia tiketi ya Winterreise (Safari ya Majira ya Baridi) ya Schubert mwezi Novemba. Nimemtahadharisha kwamba ni nyimbo 24 za mtu anayetembea peke yake kwenye baridi, na kwamba marafiki wa Schubert walipozisikia mara ya kwanza, mwaka 1827, walipigwa na bumbuazi, na mmoja wao akasema amependa wimbo mmoja tu. Nimemweleza pia jinsi zinavyoisha. Msafiri, aliyekwisha kupoteza kila mtu, anamwona nje ya kijiji mzee akizungusha kinanda chake cha mkono, miguu mitupu juu ya barafu, sahani yake haina kitu, mbwa wanamngurumia. Mkono wa kushoto wa piano unashikilia noti mbili zile zile tangu mwanzo hadi mwisho, hazibadiliki hata mara moja. Mwimbaji anasema kidogo, ananyamaza, piano inajibu, naye anasema tena kidogo. Mwishoni anamuuliza yule mzee: je, niende nawe? Utauzungusha muziki wako kwa nyimbo zangu?

Kijana alifikiri kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo, Dada, hapo mwimbaji ndiye anayeomba kumsindikiza mpiga muziki."

Viti vyetu viko upande wa kushoto wa ukumbi, mahali ambapo vidole vinaonekana.