Feni bila gia: uzito uliotoka kwenye giaboksi umehamia wapi?

Tazama pangaboi la darini. Mapanga yake yamefungwa moja kwa moja kwenye mota. Hakuna mkanda, hakuna mnyororo, hakuna gia. Ndiyo maana mota yake ni pana kama sahani. Kitu kinachozunguka polepole huku kikisukuma hewa nyingi kinahitaji nguvu kubwa ya kuzungusha, na mota isiyo na gia huipata nguvu hiyo kwa upana wake. Ubishi wa wahandisi wa ndege za umeme zinazopaa wima unaanzia hapohapo: mota ishike feni moja kwa moja, au ipitie giaboksi kwanza, yaani sanduku la gia zinazobadili kasi ya mzunguko?

Mimi niko upande wa wanaoiondoa gia, na sababu yangu ya kwanza ni watu waliokufa.

Tarehe 29 Aprili 2016 helikopta aina ya Super Puma ilikuwa ikirudi kutoka kwenye mtambo wa mafuta baharini. Karibu na kisiwa cha Turøy, Norway, rota yake kuu, yaani mapanga makubwa ya juu, ilichomoka ikiwa angani. Watu wote 13 waliokuwamo walifariki. Uchunguzi ulifika kwenye gia moja ndani ya giaboksi kuu: ufa wa uchovu wa chuma uliokua kimyakimya mpaka gia ikapasuka. Miaka saba kabla yake, Aprili 2009, Super Puma nyingine ilianguka nje ya pwani ya Peterhead, Uskoti, ikaua watu 16, na huko pia ilikuwa gia ya aina hiyohiyo ndani ya giaboksi. Novemba 2023, karibu na kisiwa cha Yakushima, Japani, ndege ya kijeshi ya Osprey iliua watu wanane baada ya gia kuvunjika kwenye giaboksi ya rota ya kushoto. Vitambuzi vya vipande vya chuma kwenye mafuta vilikuwa vimetoa onyo zaidi ya mara moja kabla ya hapo.

Hizi hazikuwa mashine zilizotengenezwa kizembe. Turbini ya Super Puma huzunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika, na rota yake kama mara 265. Kazi yote ya kushusha kasi hiyo hufanywa na meno ya chuma yanayosagana ndani ya mafuta, na uhai wa abiria wote hupita kwenye njia hiyo moja. Jino likikatika, hakuna njia ya pili.

Umeme unaleta njia nyingine kabisa. Waya haujali kona. Fikiria ndege ya kivita ya Marekani, F-35B: ili feni yake ya kunyanyulia iliyo nyuma ya rubani ifanye kazi, nguvu hutoka kwenye injini ya nyuma kwa shafti ndefu, hupita kwenye klachi, kisha kwenye giaboksi inayougeuza mzunguko kwa pembe. Ni kazi ya kihandisi ninayoiheshimu sana, lakini ni msururu mrefu wa vitu vinavyoweza kuharibika. Kwa umeme, unaweza kutawanya feni 30 kwenye mabawa, kila moja na mota yake, na kinachozunguka ndani ya kila moja ni kipande kimoja tu. Ikifa moja, umepoteza sehemu ya thelathini ya msukumo.

Kampuni ya Lilium ya Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 2015 na vijana kutoka Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, ilijenga ndege yake juu ya wazo hili. Feni zilikuwa ndogo, kila moja ndani ya bomba, bila gia. Kwa nini ndogo? Hapa ndipo penye fundo. Feni ndogo inaweza kuzunguka kwa kasi sana kabla ncha za mapanga yake hazijakaribia mwendo wa sauti. Mota inayozunguka kwa kasi hutoa nguvu nyingi ikiwa nyepesi, kwa hiyo gia inakuwa haina kazi. Wazo la kuondoa gia na wazo la kutumia feni ndogo vilioana vizuri mno, hata watu wakaanza kuyaona kama wazo moja.

Na deni likahamia kwenye betri.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua ndege ya kilo 1,000, usawa wa bahari, isimame tu hewani, na tuseme hakuna kinachopotea njiani. Ikisukuma hewa kwa eneo la mita za mraba 10, inahitaji kama kilowati 196. Punguza eneo hadi mita za mraba 2.5, yaani robo, na mahitaji yanakuwa mara mbili: kama kilowati 392. Bomba linalozunguka feni linasaidia, kwa kuwa linazuia hewa inayotoka isijibane. Kwa hesabu nzuri kabisa linashusha namba hiyo hadi kama 277. Msaada huo ni wa kweli, lakini haurudishi kilichopotea, na bomba lenyewe lina uzito.

Watetezi wa Lilium walikuwa na jibu, na tuwatendee haki. Walisema ndege yao ingesimama hewani kwa muda mfupi sana, kisha ibebwe na mabawa kwa kasi ya kama kilomita 300 kwa saa, na katika safari ya kasi feni ndogo yenye bomba inafanya kazi vizuri. Hilo ni sahihi. Shida ni kwamba muda huo mfupi wa pili unakuja mwishoni, wakati wa kutua. Betri inayokaribia kwisha inashuka volti, na ndipo inapodaiwa nguvu kubwa kuliko wakati wote wa safari. Rubani akikuta kiwanja kimezibwa na kulazimika kusubiri, dakika moja ya ziada inakuwa ghali mno. Ningeilinda dakika hiyo kabla ya kilomita yoyote ya masafa.

Lilium ilifilisika Oktoba 2024, baada ya wabunge wa Ujerumani kutoipitisha dhamana ya mkopo. Haikuwahi kurusha ndege yake ikiwa na mtu ndani. Mwaka 2025 kampuni ya Archer ya Marekani ilinunua hataza zake zipatazo 300 kwa yuro milioni 18. Lakini kukosa fedha hakuthibitishi kwamba feni bila gia ni wazo baya.

Ushahidi ninaouamini zaidi uko kwingine. Mwaka 2015 kampuni ya Siemens ya Ujerumani ilionyesha mota ya kilo 50 yenye kilowati 260 kwa mizunguko 2,500 tu kwa dakika, inayoshika rafadha (propela) moja kwa moja. Mwaka 2019 CityAirbus, ndege ya majaribio ya kampuni ya Airbus, ilinyanyuka Donauwörth, Ujerumani, kwa mota nane za kilowati 100, zikizungusha rafadha kubwa ndani ya mabomba kwa mizunguko kama 950 kwa dakika, bila gia. Yaani pangaboi, si feni ya kompyuta. Airbus walipochora ndege iliyofuata, waliyaacha mabomba wakabaki na rafadha nane wazi. Hata hoja ya kelele, iliyokuwa ngao kubwa ya mabomba, imepungua nguvu: NASA, shirika la anga la Marekani, walipoipima ndege ya umeme ya kampuni ya Joby yenye rafadha wazi ikipita mita 500 juu, walipata desibeli 45.2.

Kwa hiyo ningetengana na gia bila majuto, lakini ningelipa kwa mota pana na nzito kidogo, si kwa kuipunguza duara inayosukuma hewa.

Jambo hili si la Ulaya peke yake. Mwaka 2022 Fahari Aviation, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilitia saini nia ya kuchukua hadi ndege 40 za umeme za kampuni ya Eve ya Brazil, zenye rafadha nane wazi za kunyanyulia. Uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15. Ndege yenye uzito uleule itahitaji karibu asilimia 9 zaidi ya nguvu kusimama hewani Nairobi kuliko Mombasa, na jua la mchana likiongezeka, zaidi ya hapo. Atakayetumwa kukagua mkataba aanze na swali hilo: betri ikiwa imebaki robo, mchana wa Februari, ndege hii inaweza kusimama juu ya Wilson kwa dakika ngapi?