Barua Zipo, Karani Ndiye Aliyechanganyikiwa

Katika kila ofisi ndogo ya mjini kuna mtu mmoja ambaye hakuajiriwa kuwa fundi wa kompyuta, hakusomea ufundi wa kompyuta, wala halipwi hata senti moja ya ziada kwa ufundi huo, lakini ndiye anayeitwa kila kompyuta inapogoma. Katika ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, mtu huyo ni mimi. Kwa mujibu wa barua yangu ya ajira, kazi yangu ni kuandaa nyaraka za mizigo. Lakini kwa kuwa niliwahi kuonekana nikitoa karatasi iliyokwama kwenye printa bila kuichana, wenzangu walikata shauri kwamba nina kipaji, wakaanza kuniita Fundi, na tangu hapo sijapata kunywa chai ikiwa bado ya moto.

Kero yangu ya sasa ni folda za barua pepe. Folda ya karatasi ikichakaa unaiona kwa macho: inachanika pembeni, karatasi zinachungulia, unaifunga kwa mpira na maisha yanaendelea. Folda ya barua pepe huharibika huku sura yake ikiwa nzima kabisa, na haikutaarifu mpaka siku ambayo mteja amesimama kaunta na gharama za kuhifadhi mzigo wake bandarini zinaendelea kupanda.

Siku hiyo mhasibu wetu alibofya barua yenye kichwa cha habari kuhusu hati ya shehena ya kontena la futi 40. Badala ya hati, mbele yake ikafunguka bajeti ya kamati ya harusi ya binamu yake, pamoja na orodha ya wanafamilia ambao bado hawajatoa mchango, jina lake likiwa juu kabisa. Akaifunga upesi kuliko nilivyowahi kumwona akifunga kitu chochote, akabofya barua ya wakala wa meli, akapata ukurasa mweupe usio na hata nukta. Pembeni, folda ilikuwa inadai kwamba ina barua ambazo hazijasomwa, ilhali ukiipekua kutoka juu hadi chini huoni hata moja iliyokolezwa wino.

Hapo ndipo ofisi nzima ilipogeuka kuwa jopo la madaktari. Dereva alisema tumeingiliwa na wadukuzi, kwa sababu jambo kama hilo liliwahi kumpata shemeji yake kwenye simu. Kijana aliyeletwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo alishauri tuzime na kuwasha, ushauri ambao huutoa kwa kila tatizo, likiwemo la feni. Bosi, ambaye ni mtu mzima na tunamheshimu, alisimama mlangoni akauliza kama intaneti imelipiwa. Niliwaeleza kwa adabu kwamba intaneti haihusiki, kwa kuwa barua hizo zilikwisha kushushwa zamani na zimelala ndani ya kompyuta ileile iliyo mbele yetu, lakini maelezo yangu yalipokewa kama habari ya hali ya hewa ya nchi nyingine.

Naomba ieleweke kwamba programu yenyewe sina ugomvi nayo. Tunatumia Thunderbird, programu ya kusomea barua pepe, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004 chini ya Mozilla, na ni ya bure, jambo linaloifanya ipendwe na bosi kuliko mfanyakazi yeyote aliyeko kwenye orodha ya mishahara. Ugomvi wangu ni na watu wanaoitumia bila kutaka kujua kilichomo ndani, kisha wakaniachia mimi maiti niioshe.

Kilichomo ndani ni hiki. Folda unayoiona kwenye skrini, yenye maelfu ya barua zilizopangwa kwa tarehe, kwa kawaida ni faili moja tu la maandishi, refu kupita kiasi, ambamo barua zote zimefuatana moja baada ya nyingine. La folda ya barua zinazoingia huitwa Inbox, bila kiambishi chochote mwishoni, yaani zile herufi zinazofuata nukta kama .pdf. Ubavuni mwake hukaa faili dogo liitwalo Inbox.msf, na hilo ndilo karani wa masjala: yeye hana barua hata moja, ila ana daftari linaloonyesha kila barua inaanzia wapi ndani ya lile faili refu, nani kaiandika, na kama imesomwa. Ukibofya kichwa cha barua, anayejibu kwanza ni karani. Karani akichanganyikiwa, akakuelekeza mahali pasipo penyewe, utaomba hati ya shehena utapewa michango ya harusi. Barua zenyewe mara nyingi hazijaguswa.

Karani wa namna hii huchanganyikiwa kwa sababu nyingi, na katika ofisi yetu zote tunazo. Umeme ukikatika wakati programu inaandika, daftari hubaki nusu. Diski ikijaa, hali ni hiyohiyo. Kuna pia programu za kuzuia virusi, ambazo hazifahamu kwamba folda nzima ni faili moja; zikikuta kiambatisho kimoja chenye maradhi katikati ya barua za miaka mingi, huweza kulikamata faili zima na kuliweka karantini, na asubuhi unakuta kikasha kitupu kana kwamba hujawahi kuandikiwa na mtu duniani. Ndiyo maana wenye ujuzi hushauri kwamba mahali panapohifadhiwa barua paondolewe katika ukaguzi huo, na nilipompelekea bosi ushauri huo aliniuliza kama nimetumwa na virusi.

Halafu kuna suala la uzito. Watu hudhani kwamba barua iliyofutwa imeondoka. Haijaondoka. Katika faili lile refu, kila barua ina mstari wa hali yake unaoanza na X-Mozilla-Status, na barua inapofutwa hupigwa alama tu kwenye tarakimu za mstari huo: iliyosomwa ikiwa na 0001, ikifutwa husomeka 0009. Maandishi yake yote hubaki palepale mpaka folda ibanwe, yaani barua zilizo hai zinakiliwa kwenye faili jipya na lile la zamani linatupwa. Ongeza hapo kwamba kiambatisho hakiingii kwenye barua kama kilivyo, bali hugeuzwa kuwa msururu wa herufi ambao huongeza ukubwa wake kwa takribani theluthi moja, hivyo ankara iliyoskaniwa ya megabaiti 6 inakaa kama megabaiti 8. Sasa fikiria ofisi ambayo kila mteja hutuma ankara, orodha ya mzigo na hati ya shehena, kisha huzituma tena zote akiuliza kama tumezipata.

Programu huomba kwa unyenyekevu ruhusa ya kubana folda. Dirisha dogo linatokea, linaeleza ni nafasi kiasi gani itakayookolewa, linasubiri. Mhasibu wetu hulifunga kila mara kwa madai kwamba hapendi kubanwa akiwa kazini. Matokeo yake ni kwamba folda yake ilikuwa imenenepa kupita gigabaiti 3, na ningependa kumkumbusha kila mwenye tabia kama yake kwamba diski au flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa zamani wa kupanga mafaili uitwao FAT32 haipokei faili moja la gigabaiti 4, hata kama flashi yenyewe ina nafasi tele.

Nikaanza kazi. Kwanza nilifunga programu, kwa kuwa huwezi kumfanyia mtu upasuaji akiwa anatembea. Kisha nikaenda kwenye makao ya barua, ambayo katika Windows yamo ndani ya folda iitwayo AppData, nayo imefichwa isionekane mpaka uombe kuonyeshwa vitu vilivyofichwa, nikalikuta lile faili limejilaza. Kijana wa mafunzo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akinipulizia shingoni, alifurahi sana. "Kaka, tatizo ni hili hapa," akasema, kidole chake kikiwa kimegusa kioo. "Faili kubwa namna hii halina hata kiambishi. Ni takataka. Tulifute." Nilimwomba akae kwenye kiti, mikono yote miwili juu ya meza, nikamweleza kwamba hiyo anayoiita takataka ndiyo barua zote za kampuni, kwamba fundi aliyetuunganishia barua pepe zamani alizipanga zishushwe na kuondolewa kwenye seva, yaani ile kompyuta ya mbali inayotupokelea barua, ili tusilipie nafasi zaidi, na kwamba akilifuta hilo, mafunzo yake ya vitendo yatakuwa yamekamilika kabla ya muda. Kama barua zingekuwa zinabaki kwenye seva, kama wanavyofanya wenzetu wengi, folda ikiharibika ungeitupa ukashusha nyingine. Sisi nakala yetu ilikuwa hiyohiyo moja.

Kwa hiyo nilikopi makao yote ya barua kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote, zoezi lililochukua muda mrefu kwa sababu kila aliyepita aliuliza kama bado, na mwingine alitaka kuchomoa diski hiyo ili achaji simu. Baada ya hapo tiba yenyewe ni fupi mpaka inaudhi. Unafungua programu, unabofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua sifa zake, na ndani unakuta kitufe kilichoandikwa "Repair Folder". Ukikibofya, karani wa zamani anafukuzwa kazi papo hapo pamoja na daftari lake, na anaajiriwa mpya ambaye hana la kufanya isipokuwa kusoma faili lote kutoka barua ya kwanza hadi ya mwisho na kuandika daftari upya. Ukipenda unaweza kufunga programu na kulifuta faili la Inbox.msf kwa mkono. Matokeo ni yaleyale. Ila ole wako ukosee ukafuta jirani yake.

Wakati karani mpya anasoma, mhasibu aliniomba pia nimrejeshee barua zake za muhimu, kwa kuwa folda ya takataka ilikuwa imejisafisha. Nilimuuliza barua za muhimu zilikuwa zinafanya nini kwenye folda ya takataka. Alinitazama kwa huruma, akaniambia kwamba huko ndiko anakozihifadhi, kwa sababu ukibonyeza kitufe kimoja tu zinakwenda zenyewe.

Hatimaye orodha ikajaa. Hati ya shehena ikafunguka kama hati ya shehena, wakala wa meli akapata tena maneno yake, na mteja wa kaunta akaondoka na karatasi zake bila kumshukuru mtu. Lakini kuna jambo moja ambalo sikuwa nimelieleza kwa bosi, kwa kuwa hakuwa ameniuliza. Karani mpya huamini kilichoandikwa kwenye barua yenyewe; kama yule wa zamani aliandika kwenye daftari lake tu kwamba barua fulani imefutwa, na alama hiyo haikuwahi kufika kwenye barua, basi barua hiyo huifufua na kuirudisha mahali pake.

Juu kabisa ya kikasha cha bosi, ambaye naye aliomba folda yake ikarabatiwe ili asipitwe, ilitokea barua ya mwenye jengo kuhusu malimbikizo ya kodi ya pango, imekolezwa wino kama vile imeingia dakika hiyohiyo. Ni barua ileile ambayo bosi alimwapia mwenye jengo, mbele yetu sote, kwamba haikuwahi kufika kwa sababu ya mtandao. Aliitazama, akanitazama, akafunga mlango wa ofisi yake tukiwa sote wawili ndani.

"Fundi," akasema, "hii folda haiwezi kuharibika tena, walau mpaka mwisho wa mwezi?"