Kabla ya Kukata Mguu, Mishipa ya Damu Ikaguliwe

Nimeishi Birmingham, Uingereza, muda wa kutosha kuzeeka na kuanza kuitwa hospitali bila kuumwa. Mwaka niliofikisha umri wa miaka 65 nililetewa barua ya kunialika kupimwa tumbo kwa ultrasaundi, kama wanavyoalikwa wanaume wote wa huku wanaofikia umri huo, ili ionekane kama mshipa mkuu wa damu unaoshuka kutoka kwenye moyo umetanuka. Mshipa ukiwa na upana usiofika sentimeta 3, unaruhusiwa kwenda nyumbani na huitwi tena. Mshipa ukifika sentimeta 5.5, mwenye nao hupelekwa kwa daktari bingwa wa mishipa, ambaye siku hizi mara nyingi huweza kupitisha bomba la kitambaa lililokunjwa kwenye tundu dogo la kinena na kulifungua ndani ya mshipa uliotanuka, bila kupasua tumbo.

Ndugu na marafiki zangu wa Tanzania wanaposikia habari kama hizi husema kwamba wenzetu wana mitambo. Sikubaliani nao. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015, inazibua mishipa ya moyo kwa tundu dogo, kazi ambayo zamani wagonjwa wetu walilazimika kuifuata India. Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ina mtambo wa namna hiyo. Mgonjwa hupigwa ganzi kwenye kifundo cha mkono au kinena, hubaki macho, waya mwembamba hupitishwa mpaka penye kizuizi, puto dogo hujazwa ili kuutanua mshipa, na mara nyingi huachwa hapo stenti, yaani kibomba cha wavu wa chuma kinachouzuia usijibane tena. Utaratibu ni ule ule wa Birmingham, na mikono ya madaktari wetu haina kasoro.

Ninachokilalamikia ni kile kinachotangulia mtambo, hasa kwa mishipa ya miguu, ambayo haizungumzwi kama ya moyo.

Mjomba wangu wa Tanga aliishi na kisukari kwa miaka mingi. Alipata kidonda kwenye kidole gumba cha mguu kwa sababu ya kiatu kipya, na kwa kuwa kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za mguu, hakusikia maumivu ya kumtisha. Kidonda kilisafishwa na kufungwa kwa miezi kadhaa, mara zahanati, mara nyumbani kwa asali na majani, hadi kidole kikawa cheusi. Ndipo dada yangu aliponipigia simu: “Kaka, wanasema kesho wanamkata chini ya goti, wanataka sahihi yetu.” Nilimuuliza kama kuna mtu aliyemwangalia mishipa ya damu ya mguu, maana ikiziba, kidonda hakiponi. Alisema walimpima sukari na presha, wakampiga picha ya mfupa. Hospitali siitaji, kwa kuwa haikufanya jambo geni. Na huenda siku ile kukata kulikuwa ndiyo njia pekee iliyobaki, maana uoza ukishapanda pamoja na usaha, kisu huokoa uhai. Ila ile miezi iliyotangulia hakuna anayeweza kuitetea mbele yangu.

Mke wangu pia ana kisukari, na kila mwaka huitwa kukaguliwa miguu hata kama haina kidonda chochote. Nimekaa naye chumbani mle. Muuguzi humvua soksi, humgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki huku mke wangu amefumba macho, na kumtaka aseme kila anapouhisi. Kisha huweka vidole viwili juu ya mguu, na nyuma ya kifundo, kutafuta mapigo. Akiyakosa, hupaka jeli na kuweka kifaa kidogo kinachoshikwa kama kalamu, na chumba kizima husikia damu ikipita: shwaa, shwaa. Sauti ikiwa hafifu, mgonjwa huandikiwa kwenda kwa bingwa wa mishipa wakati kidole bado kina rangi yake.

Inafaa kukumbuka kwamba tiba hii ya kuzibua mishipa kwa tundu dogo ilianzia mguuni, na ilianzia kwa mgonjwa aliyekataa kukatwa. Mwezi Januari 1964, huko Portland, Marekani, bibi wa miaka 82 ambaye vidole vyake vya mguu vilikuwa vimeanza kuoza aliwakatalia madaktari wa upasuaji. Daktari Charles Dotter alipitisha waya kwenye mshipa wa paja uliosinyaa, akaufuatisha na mirija iliyozidi kuongezeka unene, mshipa ukafunguka, na bibi yule akaendelea kutembea kwa miguu yake kwa zaidi ya miaka miwili. Puto la mishipa ya moyo lilikuja baadaye, mwaka 1977, mikononi mwa Andreas Grüntzig kule Zürich.

Sisemi kwamba huku ni peponi. Foleni za kumwona bingwa ni ndefu na zinachosha, na mzee asiye na mtu anaweza kurudishwa nyumbani jioni ile ile akiwa na bandeji kinenani bila wa kumpikia uji. Mjomba hakukosa wa kumpikia hata siku moja. Tena stenti si pona ya milele: anayeendelea kuvuta sigara au anayeacha dawa za kuzuia damu isigande huweza kuziba tena, awe Tanga au Birmingham.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mjadala unaosikika zaidi ni wa michango na vitita vya huduma. Ningependa ukaguzi wa miguu uwe kazi ya kawaida ya kila kliniki ya kisukari, kuanzia kituo cha afya, kwa kuwa vidole viwili vya muuguzi havihitaji umeme wala vipuri. Nasi tunaotuma fedha kutoka ughaibuni, ambao hukimbilia kulipia upasuaji usiku wa mwisho, tungetuma nauli ya basi kutoka Tanga hadi Dar es Salaam wiki ile ile mapigo yanapokosekana mguuni.