Semina peke yake haimbadilishi daktari wa leba

Nimezungumza na wakunga wa Mbeya na Rungwe kwa muda mrefu, na nimefikia mahali pa kusema: mwongozo mpya peke yake haumbadilishi daktari. Semina inafanyika mjini, posho inalipwa, bango linabandikwa ukutani. Kesho yake leba ni ile ile. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema mama asiongezwe njia (kukatwa ukeni ili mtoto apite) kwa mazoea tu, na achague mkao wa kujifungua na mtu wa kuwa naye. Bado wapo wanaolazwa chali, bibi yake mtoto akisubiri nje na kanga zake.

Suala la damu ndilo lililonifungua macho. Miaka yote damu inayomtoka mama baada ya kujifungua imekuwa ikikadiriwa kwa kutazama shuka. Muuza maziwa wa Tukuyu akikupimia hivyo, utakubali kumlipa?

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania. Mama anatandikiwa plastiki yenye mfuko wa alama za vipimo. Damu ikifika mililita 500, tiba zote zinaanza kwa pamoja: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kukaza mfuko huo, asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu, dripu, na kumchunguza inatokea wapi. Hakuna kungoja moja ishindwe ndipo ijaribiwe nyingine. Kwa utaratibu huo, akina mama 93 kati ya kila 100 waliovuja damu nyingi waligundulika. Kwa utaratibu wa zamani, 51. Hatari kubwa zitokanazo na kuvuja damu zilipungua kwa asilimia 60.

Dawa hizo hazikuwa ngeni kwa daktari yeyote. Kilichoongezeka ni ukweli uliowekwa mbele yake mama akiwa bado kitandani, na mkunga asiyelazimika kubishana na mkubwa wake. Mstari umefikiwa, anaanza. Hilo la mkunga naliona zito kuliko mfuko wenyewe, maana heshima yetu kwa dokta imewanyamazisha wengi walioiona hatari mapema.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka mambo haya yaanzie hospitali za rufaa. Aliyeko hospitali ya wazazi ya Meta, Mbeya mjini, ana daktari wa upasuaji karibu. Aliyeko zahanati ya kijijini Makete, barabara imeharibiwa na mvua za Machi, anasubiri gari. Halmashauri zianze bajeti zao na huyo: mifuko ya kupimia damu, dawa, na ruhusa ya maandishi kwa mkunga kuanza tiba bila kungoja simu ya daktari.