Akhenaten na mungu wa serikali: tuwasikilize pia waliobeba mawe

Muumini wa Mungu mmoja, awe Mwislamu au Mkristo, akisoma habari za Akhenaten kwa mara ya kwanza humwonea fahari. Katikati ya nchi yenye miungu isiyohesabika, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Kristo, anatokea Farao anayetangaza kwamba mungu ni mmoja, Aten, na kwamba ndiye anayeonekana katika mwanga wa jua. Anafunga mahekalu ya Amun, mungu mkuu wa Misri hadi wakati huo, anawapokonya makuhani mali yao, anahamisha mji mkuu. Anafariki baada ya kutawala miaka 17, makuhani wanarudi, jina lake linafutwa. Kisa hicho kina shujaa, kina maadui wenye tamaa, na kina mwisho wa kusikitisha. Mwanahistoria Mmarekani James Henry Breasted alimwona kuwa mtu binafsi wa kwanza katika historia ya wanadamu. Sigmund Freud, mwaka 1939, alijaribu kumfanya chimbuko la imani ya Musa, dai ambalo halina ushahidi. Na hata leo, anayebuni ufalme wa njozi wenye mungu mmoja wa serikali mara nyingi huishia kuchora sura hiyo hiyo: nabii aliyevaa taji, na umati wa watu wasiomwelewa.

Mimi naamini asiyeeleweka hapa ni ule umati.

Tuanze na haki ya Akhenaten, maana anayo. Katika kaburi la ofisa wake Ay, huko Amarna, jina la leo la mahali palipokuwa na mji mkuu wake mpya, ukutani pamechongwa wimbo mrefu wa kumsifu Aten, na ni miongoni mwa maandishi mazuri kabisa yaliyotufikia kutoka Misri ya kale. Kifaranga analia ndani ya yai, na mungu anampa pumzi humo humo. Samaki wanaruka mtoni mbele ya mwanga. Watu wa Siria na wa Kushi, na Wamisri pia, kila mmoja amewekwa mahali pake na kupewa riziki yake, ingawa ndimi zao na rangi za ngozi zao ni tofauti. Wageni wasio na mto Nile wamewekewa Nile mbinguni, yaani mvua. Kwa taifa lililozoea kuwachora wageni wakiwa wamefungwa kamba chini ya miguu ya mfalme, hayo yalikuwa mawazo makubwa. Anayeijua Zaburi ya 104 atahisi undugu wa maneno. Tena hakuna ushahidi kwamba Akhenaten alichinja watu kwa sababu ya imani yao. Na makuhani wa Amun hawakuwa malaika: hekalu lao la Karnak lilimiliki mashamba, mifugo na watumishi wengi mno.

Lakini wimbo huo usomwe mpaka mwisho. Karibu na tamati, mfalme anamwambia Aten kwamba yumo moyoni mwake, na kwamba hakuna mwingine amjuaye isipokuwa mwanawe Neferkheperure, ambalo ni jina la enzi la Akhenaten mwenyewe. Sentensi hiyo ndiyo dini yenyewe. Mungu ni wa ulimwengu wote, anamwangazia Mkushi na Msiria, lakini anayemjua ni mtu mmoja, naye ndiye anayekusanya kodi. Makaburi ya wakubwa wa Amarna yanaonyesha hali hiyo waziwazi. Mahali ambapo zamani mwenye kaburi alichorwa mbele ya Osiris, mungu wa wafu, akitafuta maisha ya baadaye, sasa ukuta umejaa mfalme, malkia Nefertiti na mabinti zao, na marehemu ni kijitu kidogo kilichoinama pembeni. Majumbani mwa wenye cheo, mawe ya ibada yanaonyesha miale ya jua ikishuka na vijikono vyake kuipa uhai familia ya kifalme. Haimpi uhai mwenye nyumba.

Mmisri wa kawaida alipoteza nini? Hakuwahi kuruhusiwa kuingia ndani ya hekalu hata zamani, hilo ni kweli, na watetezi wa Akhenaten hulitumia. Ila alikuwa na sikukuu. Katika sikukuu ya Opet, sanamu ya Amun ilibebwa kutoka Karnak hadi Luxor, na mji mzima ulitoka kuishangilia. Alikuwa na Osiris, ambaye aliuawa akafufuka, na ambaye kufikia wakati huo hakuwa tena wa wafalme peke yao. Mama mjamzito alikuwa na Taweret, mungu wa kike wa uzazi, na watoto walilindwa na Bes, kibete mwenye sura ya kutisha anayefukuza maovu. Aten hakuwa na kisa, hakuwa na mke wala mtoto isipokuwa mfalme, na hakusema neno lolote juu ya giza la kaburi. Ndiyo maana wanaakiolojia waliochimba kijiji cha mafundi hapo hapo Amarna, chini ya pua ya serikali, walikuta Bes na Taweret kwenye kuta za nyumba. Watu hawakuasi. Walishika tu kile kilichowafaa wakati mtoto ana homa.

Kuna jambo jingine ambalo kila nikisoma wanaomsifu Farao huyu nakuta limerukwa, nalo ni mawe. Mahekalu ya zamani yalijengwa kwa mawe makubwa yaliyohitaji makundi ya watu, sleji na muda. Akhenaten hakuwa na muda. Mafundi wake wakaanza kuchonga mawe madogo yanayoitwa talatat, yenye urefu wa sentimita 52 hivi na upana nusu ya hapo, ili jiwe moja libebwe na mtu mmoja. Vitabu vingi huusifu ubunifu huo. Jiwe hilo, hata hivyo, lina uzito wa takriban kilo 70. Mji mzima wa Akhetaten, yaani Amarna hiyo hiyo, wenye hekalu ambalo ua wake una urefu wa zaidi ya mita 700, uliota jangwani katika miaka michache kwa migongo ya aina hiyo.

Sasa migongo hiyo tunaijua. Wachimbaji wa mradi ulioongozwa kwa miongo mingi na Mwingereza Barry Kemp walifukua makaburi ya watu wa kawaida wa Amarna. Katika yale ya kusini walikuta watu wafupi wa kimo, walioumia viungo na uti wa mgongo, na watoto wenye alama za utapiamlo. Makaburi ya kaskazini, yaliyochimbwa mwaka 2015, yanatisha zaidi. Kati ya mifupa ya watu 105 iliyochunguzwa, zaidi ya asilimia 90 ilikuwa ya watu wenye umri wa kati ya miaka 7 na 25, na walio wengi hawakufika 15. Katika jamii yoyote ya kale wanaokufa kwa wingi ni wachanga na wazee. Mtoto wa miaka 10 amekwisha kuvuka hatari za uchanga na bado ana nguvu. Huo ndio umri ambao kifo huwa adimu. Makaburi yaliyojaa watoto wa umri huo, bila wachanga na karibu bila wazee, si makaburi ya kijiji. Ni ya kundi lililokusanywa kufanya kazi. Wengine walizikwa wawili au watatu katika shimo moja, bila vifaa vya maana, na hapakuwa na dalili kwamba wazazi wao walikuwapo kuwazika. Hekaluni, mwendo mfupi kutoka hapo, zilijengwa meza za sadaka kwa mamia, za kumwandalia chakula mungu ambaye kwa mujibu wa wimbo wake ndiye anayelisha kila kiumbe.

Mtetezi wa Akhenaten atajibu kwamba kila Farao alitumikisha watu, na kwamba tungechimba makaburi ya vibarua wa wafalme wengine huenda tungekuta hayo hayo. Ni hoja nzito, maana makaburi ya maskini yaliyochimbwa kwa uangalifu wa namna hiyo ni machache. Naikubali nusu. Nusu nyingine inakwama kwenye mawe ya mipaka ya mji, ambamo mfalme mwenyewe anaeleza kwa nini alichagua mahali pale: hapakuwa mali ya mungu wala mungu wa kike yeyote. Yaani ilibidi liwe jangwa tupu, na ilibidi lijengwe haraka, kwa sababu dini yake haikuweza kukaa nyumba moja na nyingine. Mzigo uliomwangukia yule mtoto ulitokana na itikadi yenyewe.

Baada ya kifo cha Akhenaten, mfalme kijana Tutankhaten akawa Tutankhamun, na tangazo lililochongwa kwenye jiwe huko Karnak likasema kwamba mahekalu kutoka Elephantine, kusini kabisa mwa nchi, hadi mabwawa ya Delta, kaskazini, yalikuwa magofu, na kwamba mtu akimwomba mungu, mungu haji. Tangazo la serikali ni tangazo la serikali, na waliolitunga walikuwa na mashamba ya kurudishiwa. Bado siamini kwamba makuhani peke yao wanatosha kueleza jinsi Aten alivyotoweka. Mji ulihamwa ndani ya miaka michache tu, na wakazi hawakuibeba ibada ya Aten kwenda nayo walikohamia. Dini iliyofanywa amri kwa zaidi ya miaka kumi haikuacha hata kikundi kidogo cha waumini wa kujificha ambacho historia imekiona. Wafuasi wa Bes walijificha na wakadumu.

Warithi wa Akhenaten hawakuwa waungwana. Farao Horemheb alibomoa mahekalu ya Aten huko Karnak na kujaza mawe yake ndani ya malango yake makubwa. Seti wa Kwanza alimruka Akhenaten katika orodha ya wafalme huko Abydos. Ukatili huo wa kufuta majina, hata hivyo, Akhenaten aliutangulia: watu wake walipanda na patasi hadi juu ya minara kung'oa jina la Amun, na hawakulisaza hata ndani ya jina la baba yake mzazi, Amenhotep. Anayetaka kumlilia kwa kufutwa kwake ana haki ya kufanya hivyo, mradi awalilie kwanza waliozikwa kaskazini mwa Amarna, ambao majina yao hayakuhitaji kufutwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyeyaandika.