Sato, Ngege na Ushahidi wa Mkia

Mshike sato mbichi, yule perege wa Nile, utandaze pezi lake la mkia kwa vidole viwili, kisha umwelekeze kwenye mwanga. Utaona mistari myembamba ya wima, imejipanga toka shina la mkia hadi ukingoni. Ngege, perege mwenyeji wa Ziwa Victoria, hana mistari hiyo. Mbiru, mwenyeji mwingine, naye hana, ila ukingo wa pezi lake la mgongo una wekundu wa chungwa. Mwaloni, samaki wanaposhushwa, wengi huishia hapo, na si somo baya.

Sato si mwenyeji wa Ziwa Victoria. Aliingizwa miaka ya 1950 pamoja na perege wengine wa kigeni, wakati ngege walikuwa wamekwisha kupungua kwa kuvuliwa kupita kiasi. Sangara, samaki mla wenzake aliyeletwa pia ziwani, ndiye hubebeshwa lawama zote za kutoweka kwa wenyeji, lakini sato naye alifanya lake kimyakimya: hachagui chakula kama ngege anayetegemea mwani mdogo unaoelea majini, na tena huzaana naye. Leo ngege na mbiru wote wamo katika kundi la spishi zilizo hatarini kabisa kutoweka.

Je, tumtambue mgeni kwa macho au kwa vinasaba? Wanaotetea macho wana hoja nzito. Sato akipenya kwenye bwawa jipya, wa kwanza kumwona ni mwenye wavu. Kusubiri majibu ya maabara ni kumwachia nafasi ya kuzaliana, na jike hubeba mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo hata mmoja tu aliyehamishwa kwenye ndoo anaweza kusafiri na familia nzima.

Kinachowaangusha ni machotara. Chotara akizaana na ngege, na watoto wake wakafanya hivyo hivyo, vizazi vichache baadaye unapata samaki mwenye sura ya ngege aliyebeba damu ya sato. Vifaranga ni tabu nyingine: mistari bado hafifu, na wote wana doa jeusi kwenye pezi la mgongo. Majina nayo yanapotosha, maana upande wa Kenya hata sato huitwa ngege, hivyo taarifa kwamba "ngege wamerudi" inaweza isiwe habari kabisa.

Kwa maoni yangu, mistari ni shahidi wa upande mmoja. Ikiwepo, damu ya sato imefika. Isipokuwepo, haijathibitisha kitu. Kwa kupiga mbiu, macho yanatosha, mradi picha ipigwe samaki angali mbichi na pezi limetandazwa. Lakini kuchagua samaki wazazi wa kuzalisha mbegu ni jambo jingine. Katika maziwa madogo kama Kanyaboli la Kenya, ambako ngege amesalia, anayechagua wazazi kwa kutazama mkia tu anaweza kujikuta analea wajukuu wa sato kwa jina la ngege.