Nani Atalala na Nani?

Mzee wa ajanse ya safari alivua miwani, akanitazama mimi, akamtazama baba mkwe, akamtazama mama mkwe, halafu akauliza bila hata kukohoa: "Bon. Nani atalala na nani?"

Kama wewe si mtu wa huku kwetu Lubumbashi, Kongo, utaona ni swali la kawaida tu. Subiri nikueleze. Mimi na mama mkwe wangu, mwaka wa 15 ule wa ndoa yangu, hatukuwa tumewahi kupeana mkono. Akitokea njiani, mimi napisha. Akiingia sebuleni, mimi nakumbuka ghafla kwamba gari halijaoshwa. Sijawahi kumwona akila, wala yeye hajaniona. Salamu zetu zinapita kwa mke wangu, kama nchi mbili zisizo na ubalozi. Sasa mtu amekaa zake kwenye kiti cha plastiki, chini ya kalenda ya shirika la ndege, anauliza mbele ya mama huyo habari za kulala!

Mama mkwe alishusha kitambaa cha kichwa mpaka kwenye nyusi. Baba mkwe alikohoa kile kikohozi chake cha mgodini, cha watu waliokula vumbi la shaba miaka 30. Nikasimama. "Mzee, tutarudi," nikasema, na sote wanne tulijua kwamba haturudi.

Ningekaa dakika mbili zaidi, leo nisingekuwa na la kuandika.

Yote yalianzia kwenye jubilei ya dhahabu ya wakwe zangu. Walioana mwaka 1969, kwa hiyo 2019 ilikuwa misa, mbuzi, bukari (ugali wetu) ya kutosha, na hotuba. Mimi nilikuwa nimekunywa Simba tatu na Tembo moja (kwetu hizo ni bia, si wanyama) nikaona na mimi niseme neno. Tatizo ni kwamba kwenye mahari nilibakiza mbuzi wawili na suti ya baba mkwe, na kila sherehe mjomba wa mke wangu hunikumbusha kwa sauti ya utani ambao si utani. Ili nimzibe mdomo, nikatangaza kwamba mimi, mkwe wao, nitawapandisha wazazi meli. Meli ya kweli, ya baharini! Wale humo, walale humo, waamkie Msumbiji! Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wa jirani wakaitika. Asubuhi kichwa kikiwa bado kinagonga, nikamkuta baba mkwe mlangoni kwangu, amenyoa, pasipoti yake mkononi.

Yule mzee alikuwa hajawahi kuiona bahari. Sisi watu wa shaba tuko mbali nayo: ushike mashariki, ushike magharibi, ni zaidi ya kilomita elfu moja kabla hujalowesha mguu. Maji makubwa aliyoyajua ni ziwa la Kipopo, na huko alikwenda kula samaki. Krwaziere, yaani safari ya starehe kwa meli, ya karibu kwetu iliondokea Durban, Afrika Kusini. Kuanzia Novemba, kule kukiwa joto, meli zilikuwa zikitoka pale zikaenda mpaka kisiwa kidogo cha Msumbiji karibu na Inhaca, watu wakaogelea, zikarudi. Yetu ilikuwa ya usiku tatu.

Nisimseme vibaya mzee wa ajanse. Kabla hatujafika kwenye swali lake la aibu, alikuwa ameshanipa bure mambo mawili ya maana. La kwanza, visa ya Afrika Kusini iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu meli ikifika Msumbiji mmeshatoka nchini, na kurudi Durban ni kuingia upya. La pili, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo bila hiyo Mkongo asijisumbue kwenda uwanja wa ndege. Niliyaandika nyuma ya bahasha. Ila alitaka dola 50 kwa kila kichwa, "za dosie", yaani za faili, na nilipotoa noti ya 100 niweke kianzio, aliinyanyua kwenye mwanga, akaona pembeni mpasuko mwembamba kama unywele, akanirudishia. "Hii haiendi." Kwetu dola hairuhusiwi kuzeeka.

Mdogo wa mke wangu, fundi simu pale Kenya (komini, yaani kata, ya mji wetu, si nchi), alicheka hadi akaweka chini bisibisi. "Bofrere (shemeji), unalipa mutu akubonyezee tu kompyuta? Fanya weye mwenyewe. Intaneti haiulizake maswali."

Hilo la mwisho ndilo lililoninasa. Haiulizi maswali.

Usiku ule nikakaa mezani na kadi ya benki, simu ikigawa megabaiti kwa kompyuta, pasipoti nne mbele yangu. Bei ya kwanza ilikuwa tamu sana. Kila nilipobonyeza "endelea", ilinenepa: kodi ya bandari, bakshishi ya wafanyakazi, na kumbe ile ya mwanzo ilikuwa ya mtu mmoja, mradi mko wawili kabini moja. Nikachagua kabini za bei ya chini kabisa, za ndani, zisizo na dirisha. Dirisha la nini, usiku giza. Mwisho wa hesabu, tofauti yangu na mzee wa ajanse ilikuwa dola 37. Nilimwamsha mke wangu nimwambie. Dola 37!

Tukaja kwenye majina. Sisi tunayo matatu: jina, posinomu (jina la pili la asili), na la ubatizo. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kizungu, watu wakajiongezea ya mababu, baadaye ya Kizungu yakarudi na kukuta viti vimejaa, yakajibana mwisho wa mstari. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu. Halafu wake zetu hawachukui majina ya waume kwenye pasipoti, na watoto nao mara nyingi hupewa jina la babu au la shangazi badala ya la baba. Kwa hiyo mezani palikuwa na pasipoti nne, majina kumi na mawili, na hakuna hata moja lililojirudia. Mtu wa Lubumbashi angeangalia sura akasema hawa ni familia moja. Mashine iliona watu wanne waliookotwa kituo cha basi.

Na ujue, mara ya kwanza nilijaza vizuri kabisa. Wazee kabini ya kwanza, mimi na mke wangu kabini ya pili. Nilikuwa nimefikia namba ya kadi, umeme ukakatika. Kompyuta yangu betri ilishakufa zamani. Bila umeme ni sinia. Uliporudi, saa sita kasoro, ukurasa ukaniambia muda wangu umekwisha, nianze upya. Sasa nina usingizi, nina mbu, na nina hofu ya umeme kukatika tena. Nikazichukua pasipoti jinsi zilivyolala: yangu juu, chini yake ya mama mkwe, halafu ya mke wangu, na ya baba mkwe chini kabisa, kwa sababu ndiyo iliyoletwa kwanza. Abiria wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mwishoni ikaniuliza jambo moja la kirafiki: je, mnasherehekea chochote? Nikachagua maadhimisho ya ndoa. Miaka mingapi? 50. Lipa. Nikalala kama chifu.

Safari ya ndege naiacha, isipokuwa niseme kwamba baba mkwe alishika mikono ya kiti kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, mpaka Johannesburg kana kwamba ndiye anayeendesha. Bandarini Durban aliinua kichwa, akainua, akaendelea kuinua. "Iyi ni Katuba muzima," akasema (Katuba ni komini yao), "baliisimamisha."

Dada wa mapokezi alitugawia kadi za milango. Alinitazama mimi, akamtazama mama mkwe, akanitazama tena, akanipa hongera. Kiingereza changu ni cha Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kinatosha kununua unga na betri za gari, lakini hongera naijua. Nikashukuru. Nilidhani wanampongeza kila anayelipa.

Kwenye korido ndefu tukatawanyika kila mtu akitafuta namba yake. Nikafungua mlango, nikaingia, nikasikia kanga ikichakacha nyuma yangu. Mama mkwe. Kadi yake ilikuwa na namba ileile. Tukasimama.

Kitanda kilikuwa kimoja, kikubwa, kimejaa chumba chote. Juu yake mabata wawili wa taulo wamegusanisha midomo, shingo zao zikifanya umbo la moyo. Maua ya karatasi yametapakaa. Kwenye kioo baloni la dhahabu: 50. Nilitafuta dirisha la kurukia, nikakumbuka dola zangu.

Mama mkwe aliangalia mabata kwa muda. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akazungumza na mimi moja kwa moja. "Mwana wangu," akasema taratibu, "bibi yako iko wapi?"

Bibi yangu, yaani mke wangu, alikuwa anakuja kwenye korido, kadi mkononi, baba yake nyuma yake na begi. Hakuhitaji kuelezwa. Aliangalia mabata, akaangalia baloni, akaniangalia mimi. "Papa Dorcas," akasema, "ile dola 37 uliiweka wapi?"

Kubadilishana ilikuwa kazi ndogo. Baba mkwe akaingia mle ndani, mimi nikatoka kinyumenyume, mapokezi wakatoa kadi mpya za milango, na mhudumu, Mfilipino mmoja mcheshi, akacheka mpaka akafuta machozi. Kumbe kile kitanda ni viwili vimesogezwa, ukitaka wanavitenga. Baba mkwe alikataa visitengwe. Alichofanya ni kufumua bata mmoja polepole, mkunjo kwa mkunjo, ajue anatengenezwaje.

Nilidhani tumemaliza. Lakini milango ni kitu kimoja, orodha ni kitu kingine. Kabla meli haijang'oa nanga, lazima abiria wote waende mazoezi ya usalama, kila mtu kwenye kituo chake, na vituo vilifuata kabini tulizoandikiwa. Mke wangu na baba yake wakapelekwa ubavu wa kulia. Mimi na mama mkwe, ubavu wa kushoto, tumefungwa maboya ya machungwa mpaka kidevuni. Yaani meli ikizama, bahari nzima inanikuta ndani ya mtumbwi na mama mkwe wangu, kila mmoja akiangalia upande wake.

Usiku wa pili tulikuwa tunakula. Baba mkwe alikuwa anamweleza mke wangu kwamba bahari ina kelele kama kinu cha kusagia mawe, ila haina zamu. Taa zikapungua. Nikaona wahudumu wanane wamepanga mstari, wanapiga makofi, wa mbele amebeba keki yenye namba ya moto: 50. Moyo ukajua kabla yangu. Wakapita meza zote, wakasimama kwangu. Kiongozi wao akasoma kikaratasi: jina langu, jina la mama mkwe, miaka 50 ya ndoa! Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Mimi nilikuwa na miaka 42. Bibi mmoja wa Kizungu kwenye meza ya jirani aliniinamia akauliza ninapaka nini usoni.

Wakanitia kisu mkononi. Wakamsogeza mama mkwe karibu nami. Mpiga picha akatokea sijui wapi.

Hapo ndipo mama mkwe alipoanza kucheka. Kwanza mabega, halafu kitambaa kikamdondoka, halafu akashika ukingo wa meza. Miaka 15 sikujua kwamba ana pengo mbele.

"Mukwe," akasema baba mkwe, bila kucheka, "bale batu banaimba nini?"

Nikamtafsiria. Ningesema uongo, lakini namba ilikuwa inawaka pale juu ya keki. Alifuta mdomo, akakunja kitambaa cha meza mara nne, kama anavyofanya kwenye vikao vya ukoo.

"Mu 1969," akasema, "nilitoa mbuzi sita na gobori moja juu ya uyu mwanamuke. Sasa kama kwenye karatasi ni wako, unirudishie."

Nilimwangalia mke wangu anisaidie. Alikuwa anakula keki.

Mwezi uliofuata nilirudi kwa mzee wa ajanse kununua tiketi za Kinshasa. Alivua miwani, akanikumbuka. "Mulilala muzuri?" akauliza. Nikatoa noti mpya isiyo na hata mkunjo, nikamtajia abiria wote, majina yote matatu ya kila mmoja, na nani ni mke wa nani, kabla hajafungua daftari.

Ile picha ipo Katuba, sebuleni kwa wakwe, kati ya picha yao ya harusi na kalenda ya parokia. Mimi na kisu, macho yametoka kama ya samaki, mama mkwe na pengo lake, keki katikati. Baba mkwe ndiye aliyeinunua melini, ila aliiandikisha kwenye hesabu ya kabini yangu. Nyuma ameandika kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa karani wa zamani: mbuzi 8, suti 1, gobori 1. Mpaka leo nimepeleka mbuzi wawili.